Karatasi Niliyoiandika Kharkov

Siku moja ya mwezi wa sita, mwanangu, siku ambayo hata leo nikifumba macho naiona, mji mzima wa Kharkov ulijaa sufi. Si theluji; theluji ilikuwa imeshasahaulika. Kule wana miti mirefu kando ya barabara, na majira ya joto yakianza miti hiyo hupasua vitumba vyake na kuachia sufi nyeupe, kama misufi ya kwetu Tanga, ila kule hakuna anayeiokota kujazia mito. Hupepea tu. Huingia madirishani, hutua kwenye supu, hukaa kwenye nyusi za watu. Katikati ya sufi ile nilimwona rafiki yangu Galya akitoka bwenini na sanduku lake la kahawia, akielekea kituo cha tramu bila kugeuka nyuma. Na aliyemtoa pale nilikuwa mimi.

Keti, Rehema. Simu yako iweke mezani, haitakimbia. Najua una haraka, na najua umepanda mabasi mawili kwenye mvua kutoka Perry Barr hadi hapa kwangu Nechells, ng'ambo ya pili ya Birmingham hii, ili nikwambie kwamba unafanya sawa. Umenionyesha picha uliyoipiga ya maneno ya Furaha, skrinshoti mnaiita. Furaha huyu huyu wa ghorofa ya tatu hapa juu yangu, binti wa Wakongo, uliyesoma naye tangu mkiwa na mikia miwili ya nywele, mkila sahani moja humu ndani. Amekuandikia kwamba amefurahi nchi hii imepiga kura kujitoa Ulaya, na kwamba milango ifungwe sasa, watu wametosha. Yeye, ambaye baba yake alifika hapa mkimbizi. Na mjomba wako bado yuko Tanga anasubiri viza. Umeumia, nami sikukatalii.

Lakini umesema utaituma picha hiyo kwenye kundi lenu la chuo la kutetea wakimbizi, ambalo Furaha ni katibu wake. "Bibi, watu wana haki ya kujua," umeniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yako. Nikakuuliza, "Alikuandikia wewe, au aliwaandikia wao?" Ukaigeuza simu kifudifudi. Basi nakuomba uiache hivyo kidogo, nikueleze jambo ambalo hata bibi yako mzaa mama, dada yangu wa tumbo moja, alizikwa bila kulijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja nilipopata nafasi ya kwenda kusomea uhandisi wa maji katika Umoja wa Kisovieti. Sisi tuliiita Urusi tu, ingawa Kharkov iko Ukraine. Wakati ule nani alijali tofauti? Ramani iliyotundikwa darasani kwetu ilikuwa nyekundu kuanzia dirishani hadi karibu na mlango. Baba yangu alikuwa mkata mkonge huko Muheza, mikono yake ina makovu ya miba hadi kwenye viwiko, na hakujua kusoma. Nilipotua kwenye baridi ile, watu nisiowajua walinivalisha koti zito hapo hapo uwanja wa ndege. Shule bure, hospitali bure, kitanda bure. Treni zilipita chini ya ardhi na kusimama kwenye vituo vyenye taa za vioo kama kasri za hadithini. Wakatueleza kwamba miaka sitini tu nyuma ile ilikuwa nchi ya wakulima wasiojua alifu wala bee, na sasa imepeleka mtu angani. Binti wa mkata mkonge akisikia hayo, mwanangu, anaona ni yeye anayesimuliwa.

Sitaki umcheke yule msichana. Mimi mwenyewe bado simcheki. Aliamini kwa sababu alikuwa amepewa, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwenye njaa humjua sana aliyemlisha. Nilisimama kwenye gwaride la mwezi wa Novemba, la kuadhimisha mapinduzi yao, nikipeperusha kibendera, masikio yameganda, machozi yananitoka kwa furaha. Niliona dola ile kama mlima. Nani hujiuliza mlima utaondoka lini?

Galya ndiye aliyekuwa mwenzangu chumbani. Wageni wengi tulipewa mwenyeji mmoja wa kuishi naye, atufundishe lugha. Alikuwa msichana wa kijijini, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa pua. Majira yangu ya kwanza ya baridi nililia wiki nzima, naye akanivalisha soksi za sufu alizofumiwa na bibi yake, akanikalisha karibu na bomba la joto kama mtu anavyoatamisha yai. Alijifunza neno moja la Kiswahili, "pole", akalitumia kwa kila kitu. Nikijikwaa, pole. Nikipata alama nzuri, pole.

Na mlangoni mwa bweni alikaa bawabu, bibi kizee aliyeitwa Baba Nyura. Usishangae; kwa lugha yao baba ni bibi. Nilipomwandikia mzee wangu kwamba hapa baba hufuma soksi na huvaa kitambaa kichwani, aliyemsomea barua alidhani nimepatwa na wazimu. Baba Nyura alishika funguo zetu zote, alijua nani ana homa na nani ana mchumba, na aliwahi kuzika watoto wawili wakati wa vita.

Mwaka wa tatu, Jumapili moja asubuhi, mimi na Galya tulikuwa jikoni tukimenya viazi. Nilikuwa nikikariri somo la historia ya chama kwa sauti, sehemu ya mashamba ya ushirika, jinsi wakulima walivyoyapokea kwa shangwe. Galya akaacha kumenya.

"Bibi yangu alikuwa na mdogo wake, Olya," alisema polepole. "Mwaka ule wa mashamba hayo walikuja watu wa chama wakachukua nafaka yote, hata ya mbegu. Kijiji kizima kilichemsha magome ya miti. Olya alikufa ana miaka minne. Kitabuni mwako yumo?"

Nikamwambia hayo ni maneno ya maadui. Akanitazama kama anayenionea huruma, akarudi kwenye viazi. "Labda," akasema. "Lakini bibi yangu si adui wa mtu. Anafuga bata."

Hayo tu, mwanangu. Hakutukana mtu. Lakini mimi yalinikaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Niliona nchi iliyonivalisha koti imetukanwa, tena na mtoto wake mwenyewe. Siku chache baadaye mwenyekiti wa kamati ya wanafunzi akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, akanipa chai kwenye bilauri yenye kishikio cha chuma. Akaniuliza habari za masomo, za wazazi, kisha akauliza kama huko bwenini kuna maneno yanayonisumbua. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, nami nilijikwaa ulimi, mkono na kalamu. Nikasimulia. Akaniomba niandike. Nikaandika kwa Kirusi changu kizuri, ukurasa mmoja na nusu, nikiwa najivunia sarufi yangu. Akausoma, akatoa kalamu nyekundu, akanisahihishia makosa mawili ya viambishi, akatabasamu. "Umeendelea sana, Asha," akasema.

Nilidhani watamwita wamwelimishe. Naapa nilidhani hivyo. Wiki ya pili ukaitishwa mkutano mchana, ukumbini. Galya akasimamishwa mbele. Karatasi ikasomwa, jina la mwandishi halikutajwa, lakini nani mwingine alikuwa jikoni asubuhi ile? Akaulizwa kama anakiri. Akasema, "Bibi yangu hasemi uongo." Wakaomba wanaokubali afukuzwe chuo wanyooshe mikono. Mikono ikainuka kama mashina ya mkonge shambani. Na wangu ukainuka. Sikusukumwa na mtu, Rehema. Galya aliutazama mkono huo mmoja tu kati ya mikono yote ile, kisha akatazama dirishani, sufi ilikuwa imeanza kupita.

Alipoondoka na sanduku lake nilishuka ngazi, sijui kwa nini, labda nimuage. Tramu ilikuwa imeshakata kona. Baba Nyura alikuwa kwenye kiti chake akifuma. Hakuinua macho.

"Njoo hapa, Ashenka," akasema. Wenyewe hurefusha jina la mtu wanayempenda. "Unajua kwa nini walikuweka na Galya?"

Nikasema, anifundishe lugha.

"Na atoe habari zako. Kila mwezi walimwita. Asha anasema nini, anaandikiana na nani, analalamika nini. Mimi pia huniuliza, ndiyo maana najua. Unajua alikuwa akisema nini kila mwezi? 'Analala vizuri. Anasoma. Anawakumbuka wazazi wake.' Majira yale ya kwanza ulipokuwa ukilia na kusema nchi hii ni kaburi la barafu, ukailaani kwa lugha zote mbili, na ukuta mzima ulikusikia, Galya aliwaambia una mafua."

Nikaketi sakafuni pale pale, kwenye vumbi na sufi.

Baba Nyura akaendelea kufuma. "Nilizaliwa chini ya mfalme," akasema. "Wakaja waliomwondoa mfalme. Wakaja Wajerumani. Wakarudi hawa. Kila mmoja alibandika picha yake ukutani na kusema hataondoka tena. Mimi nimekuwa nikibadilisha picha tu. Lakini watu waliolala chumba kimoja na mimi nikawafunika blanketi, hao sijawabadilisha. Sasa inuka. Sitaki kukuona unalia hapa. Ukalie mbele yake, kama atakubali."

Na je, nilikwenda? Hapa ndipo ninapoona haya zaidi kuliko pale pa karatasi. Sikwenda. Baada ya mwezi mmoja jina langu lilitoka miongoni mwa wanafunzi waliopewa likizo kwenye fukwe za Bahari Nyeusi, nami nikafunga mkoba nikaenda. Nakumbuka maji yale yalivyokuwa ya uvuguvugu, na muziki uliotoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa kwenye miti, na mimi nikielea chali huku masikio yangu yakiwa ndani ya maji ili nisisikie kitu. Nilielea hivyo siku nyingi. Wakati mwingine nadhani nilielea miaka kumi.

Nilimaliza chuo, nikarudi Tanga, nikafanya kazi idara ya maji. Kisha nikapata nafasi ya kurudi Kharkov kwa shahada ya juu, na nilipofika niliikuta nchi nyingine chini ya majina yale yale. Maduka yalikuwa na rafu tupu. Watu waliongea kwenye tramu, kwa sauti, maneno ambayo zamani yangewafukuzisha kazi. Magazeti yalianza kuandika habari za ule mwaka wa njaa, na siku moja nikasoma, kwenye gazeti la serikali, ushuhuda wa kikongwe mmoja juu ya magome ya miti. Nilisimama na gazeti hilo kituoni hadi tramu tatu zikapita.

Kisha mlima ukaondoka. Hakuna marefu yasiyo na ncha. Wewe umesoma shuleni kwamba dola ile ilianguka, na unadhani kulikuwa na kishindo. Mimi nilikuwepo, na nakwambia ilikuwa kama kuamka kutoka usingizini ukakuta vyombo vya nyumba vimehamishwa. Asubuhi moja tulienda darasani na mwalimu wa historia ya chama hakuja, na hakuja tena. Bendera ilibadilishwa na fundi mmoja kwenye ngazi, huku watu wakipita chini yake na mikoba yao wakitafuta mkate. Pasipoti zilikuwa za nchi isiyokuwepo. Na yule mwenyekiti mpole nilimkuta sokoni, amevaa msalaba shingoni, anauza kaseti za muziki wa Kimarekani. Alinitambua, akafurahi kweli. Nikamuuliza kama anamkumbuka Galya. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, akatikisa kichwa. "Walikuwa wengi," akasema.

Hapo ndipo nilipokwenda, nimechelewa miaka kumi. Baba Nyura alikuwa ameshafariki, lakini bawabu mpya alinitafutia anwani kwenye daftari la zamani. Nilisafiri kwa basi kwa muda wa saa tano nzima, na nilipobisha mlango alifungua mwenyewe, amevaa buti za zizini. Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Galya, mwanangu, aliyekuwa akinisahihishia hesabu za mabwawa. Alinitazama, akasogea kando niingie. Akanipa supu. Bibi yake alikuwa kitandani kwenye chumba hicho hicho, amejikunyata ukutani, hajui tena nani ni nani, akanishika mkono akaniita Olya.

Nilianza kuomba radhi. Galya akanikatiza.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Uliamini?"

"Niliamini."

Akapumua. "Afadhali. Miaka yote nilidhani walikupa kitu."

Ningeweza kunyamaza. Ningenyamaza, ningetoka nyumbani kwake nimesamehewa. Lakini mkono wa yule kikongwe ulikuwa bado umenishika. Nikasema, "Walinipa pia. Likizo ya Bahari Nyeusi. Sikuandika kwa ajili hiyo, lakini niliipokea."

Galya aliosha bakuli langu, akalipangusa, akaliweka kabatini. Alinisindikiza hadi kituo cha basi na tulizungumza juu ya mvua na bei ya maziwa. Hakusema amenisamehe. Basi lilipofika alinifunga kifungo cha juu cha koti, kama zamani, akaondoka. Nimemwandikia barua nyingi tangu wakati huo. Alijibu mbili, fupi. Na tangu vita vilipoanza upande ule wa nchi yao, miaka michache iliyopita, sijui yuko wapi. Umeniuliza sasa hivi kwa macho kama alinisamehe. Sijui, mwanangu. Wala si haki yangu kujua.

Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Masomo yangu hayakuwa na wa kuyalipia tena, nyumbani hapakuwa na kazi, nikayumba kwa kupitia Ujerumani hadi nikaangukia hapa Birmingham. Niliwaonyesha vyeti vyangu, vyenye muhuri wa nchi iliyofutika. Wakavigeuza huku na huku, wakanipa kazi ya kupanga masanduku kwenye ghala la jirani hapa, nikaifanya hadi magoti yakakataa. Silalamiki. Mama yako alipofika kutoka Tanga alinikuta nina chumba cha kumpokea, nawe ulizaliwa ndani yake. Nakueleza haya ili ujue kwamba kila kitu nilichokipenda zaidi kuliko Galya kilikufa mbele ya macho yangu. Chama, bendera, kamati, hata jina la nchi. Kilichobaki hai ni ule mkono wangu hewani, na macho yake yakiutazama.

Sasa sikiliza nasaha yenyewe, maana utu uzima dawa, ingawa si dawa tamu. Sikwambii uache unachokiamini. Kutetea mgeni aliyefukuzwa kwao ni jambo la heri, na mimi ni mmoja wa wageni hao. Wala sikwambii Furaha yuko sawa. Amekosea, tena amekosea vibaya. Ninachokwambia ni kwamba usimtoe mtu kafara kwa ajili ya jambo zuri. Jambo baya hatulitolei kafara, mwanangu, tunalikimbia. Ni jambo zuri ndilo linalotupeleka ukumbini na mkono juu. Mwenyezi Mungu alipomjaribu Nabii Ibrahimu, mwishowe alimteremshia kondoo. Dola haina kondoo. Kamati haina kondoo. Kundi lenu la chuo, lenye watu wema wote wale, halitamteremshia Furaha kondoo.

Alichokwambia sirini mjibu sirini. Kesho asubuhi panda ngazi, gonga kwa Mama Furaha, muamkie, kisha mketishe mwenzako umwambie usoni kwamba amekukata maini. Mtaje mjomba wako kwa jina. Akigombana nawe, gombaneni. Akikataa kabisa, mwambie aache ukatibu kwa hiari yake, na asipotaka, simama kwenye kikao umpinge kwa uliyoyasikia akiyasema hadharani, si kwa aliyokunong'oneza jikoni. Na umuulize anaogopa nini. Mimi sikumuuliza Galya anahuzunika nini. Nilimwambia ni adui, nikarudi kwenye kitabu. Ulimi ukiteleza unaombewa radhi, lakini kilichoandikwa na kusomwa mbele ya watu ni maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Sitakuuliza umefanya nini. Uamuzi ni wako, kama ule ulivyokuwa wangu. Ila kama umeshachelewa, kama kidole chako kimeshanitangulia, basi usifanye nilivyofanya mimi. Usisubiri miaka kumi, nenda leo hii, na usiende kudai msamaha, nenda kusema kweli.

Mungu akulinde, Rehema, na wema usio na huruma. Akupe msimamo usiotetereka na mkono mzito kuinuka juu ya mwenzako. Akujaalie marafiki wanaokuficha aibu yako usipojua, na akujaalie uwajue wangali karibu. Uishi uone wanao wanakula sahani moja na watu wasiokubaliana nao. Amina, mwanangu.